Kipuri hakiingii, namba haina jibu: kutatua matatizo ya vipuri vya redio za jeshi

Redio ya AN/PRC-77 ikiwekwa mezani haitoi hata mvumo, fundi wa kawaida hushika mita na chuma cha solda. Mimi hushika kalamu kwanza. Nimeona redio nyingi zikikaa rafuni mwaka baada ya mwaka, na zilizokwamishwa na transista iliyoungua ni chache kuliko zilizokwamishwa na kipuri kilichoagizwa kwa namba isiyo yake. Kipuri kikishasafiri kutoka Marekani au Ujerumani hadi Dar es Salaam au Mombasa, kukirudisha kunaweza kugharimu kuliko bei yake yenyewe. Maelezo haya yanafuata dalili kama zinavyomfika mtu anayezitengeneza redio hizi kwa leseni yake ya redio ya ridhaa, anayezikusanya, au anayezitunza kwa ajili ya makumbusho.

Nitaishikilia PRC-77 kama mfano. Ni redio ya kubeba mgongoni iliyoingia jeshi la Marekani mwaka 1968, wakati wa vita vya Vietnam, kuchukua nafasi ya PRC-25. Inafanya kazi kati ya megahezi 30.00 na 75.95 kwa hatua za kilohezi 50, jumla chaneli 920. Majeshi ya nchi nyingi yaliitumia, ndiyo maana vipuri vyake bado vinazunguka kwenye masoko ya mitumba ya jeshi. Anayeielewa orodha ya vipuri vya redio hii hatapotea kwenye VRC-12 ya magari, na hata redio za jeshi la Uingereza ziitwazo Clansman zitamsomeka.

Dalili: unatafuta namba, hakuna jibu lolote

Mara nyingi namba ni nzima. Ulichokosea ni aina yake. Kibati kimoja cha redio ya jeshi, yaani lebo ya chuma iliyo juu yake, huwa na namba za aina kadhaa, na kila moja ina kazi yake.

Ipo namba ya jina. AN/PRC-77 ni jina la seti: P ni ya kubebeka, R ni redio, C ni mawasiliano ya pande mbili. Ingekuwa V mahali pa P, ingekuwa ya gari. Ingekuwa A, ya ndege. Kisanduku chenyewe ndani ya seti kina jina lake, RT-841/PRC-77, na RT maana yake kipokezi na kirushio pamoja. Jina la namna hii linatafutika vizuri kwa wauzaji na kwa wakusanyaji, lakini halitoshi kuagizia kipuri kidogo.

Ipo namba ya ghala, NSN, yenye tarakimu 13. Ya seti ya PRC-77 ni 5820-00-930-3724. Tarakimu nne za mwanzo ni kundi la bidhaa, na 5820 ni vifaa vya mawasiliano ya redio visivyo vya ndege. Mbili zinazofuata ni nchi iliyoiandikisha bidhaa: 00 na 01 ni Marekani, 99 Uingereza, 12 Ujerumani, 14 Ufaransa, 21 Kanada, 66 Australia, 18 Afrika Kusini. Saba za mwisho hazina maana yoyote, ni za kutofautishia tu, kwa hiyo usipoteze jioni yako kutafuta siri ndani yake.

Ipo namba ya mchoro, kwa kawaida inaanza na SM-B, SM-C au SM-D. Hii ni ya jeshi lenyewe, na kwenye orodha utaikuta imeambatana na 80063, msimbo wa idara ya mawasiliano na elektroniki ya jeshi la Marekani. Ukiona 80058, hapo kinachofuata ni namba ya jina, kama RT-841. Ukiona 96906, ni namba ya viwango vya kijeshi inayoanza na MS. Misimbo hii ya herufi au tarakimu tano humtambulisha mwenye namba. Iandike daima pembeni ya namba, kwa sababu namba ya mchoro bila mwenyewe ni kama jina la Juma bila jina la baba.

Namba ya mkataba ndiyo inayopotosha wengi. Inaonekana kama DAAB05-68-C kisha tarakimu kadhaa. Hiyo haikupatii kipuri hata ukiitafuta mwaka mzima, ila 68 pale katikati ni mwaka wa bajeti, yaani inakusaidia kujua redio iliagizwa lini. Iandike kwenye safu yake, usiitupe. Ya mwisho ni namba ya mfululizo, ya redio hiyo moja peke yake.

Ukishazitenganisha hizo na bado hakuna jibu, hesabu tarakimu. Zikiwa 11, umeshika namba ya zamani. Hadi mwaka 1974 Marekani ilitumia mfumo wa tarakimu nne na saba, bila nchi. Dawa yake ni rahisi: ingiza 00 baada ya tarakimu nne za mwanzo. 5820-930-3724 inakuwa 5820-00-930-3724. Vibati vingi vya Vietnam viko hivyo.

Zikiwa 13 na bado kimya, rudi kwenye kibati na tochi. Rangi ya kijani ya jeshi ikishapakwa mara tatu, 8 hufanana na 3, na 6 hufanana na 0. Mimi huweka karatasi nyembamba juu ya kibati na kusugua kwa penseli laini. Tarakimu zilizochongwa hujitokeza zenyewe. Usikwangue rangi kwa kisu.

Hifadhidata ya PUB LOG ya shirika la ugavi la jeshi la Marekani, DLA, inapakuliwa bure na inajibu maswali mengi ya namna hii. Ingiza tarakimu tisa za mwisho tu, yaani nchi na zile saba. Kundi la mwanzo linaweza kubadilishwa bidhaa ikihamishiwa kundi jingine; hizo tisa hazibadiliki. Ndiyo sababu katika daftari langu ufunguo wa kila mstari ni hizo tisa.

Dalili: namba zilikuwa sawa jana, leo zimepungua

Umeziandika kwenye jedwali la kompyuta bila kuliambia ni maandishi. Programu imeona tarakimu tupu, ikadhani ni hesabu, ikafuta sifuri za mwanzo. 009303724 imebaki 9303724, nchi imepotea. Au umeandika zote 13 bila vistari, ikakurudishia 5.82E+12, na ukihifadhi faili kwa umbo hilo tarakimu za nyuma hazirudi. Namba za vipuri zenye E katikati ya tarakimu hupatwa na jambo hilohilo.

Kabla ya kuandika mstari wa kwanza, chagua safu nzima na uifanye ya maandishi. Kama uharibifu umeshatokea, usijaribu kukisia kwa kuongeza 00 kila mahali, kwa sababu nyingine zilikuwa 01 na hazikupoteza sifuri mbili bali moja. Hesabu tarakimu zilizobaki: saba maana yake 00 imepotea, nane maana yake sifuri moja tu ya 01. Kisha thibitisha kila moja kwa kipuri chenyewe. Kazi hiyo inachosha, nami nimeifanya kwa mistari mia kadhaa, usiku, jenereta ikinguruma nje.

Dalili: maelezo ya muuzaji na namba haviendani

Hapa tarakimu nne za mwanzo zinakulinda. Jifunze chache kwa moyo. 5965 ni hendiseti (mkono wa kusikilizia na kuongelea, kama wa simu), vipaza sauti na maikrofoni. 5935 ni plagi na soketi. 5985 ni antena. 5995 ni nyaya zilizokwishaunganishwa na plagi zake. 6135 ni betri za kutupa, 6140 za kuchaji. 5960 ni valvu, zile taa za kioo za redio za zamani, 5961 ni transista na daiodi, 5910 kapasita, 5905 rezista. 5330 na 5331 ni mipira ya kuzibia.

Muuzaji akikuonyesha picha ya hendiseti na namba inaanza na 5935, anakuuzia plagi. Si lazima awe mwongo. Wengi walinunua makasha kwa mnada bila kuyafungua, wakanakili namba kutoka kwenye lebo ya nje. Muombe picha ya kipuri chenyewe kikiwa nje ya pakiti, upande wa pini. Asipotaka, acha.

Dalili: namba ni sahihi, kimefika, hakiingii

Hendiseti ndiyo inayoongoza kwa kesi hizi. PRC-77 inatumia plagi ya sauti ya pini tano, U-229, na hendiseti zake ni kama H-138 na H-189. Redio za kizazi kilichotangulia, PRC-8, PRC-9 na PRC-10, zilitumia plagi ya pini kumi, U-77, na hendiseti ya H-33. Clansman za Uingereza zina pini saba. Zote ni nyeusi au za kijani, zote zina waya wa kujikunja, na kwenye picha ya simu hazitofautiani.

Wapo wanaokata plagi ya H-33 na kuifunga U-229. Kisha redio inapokea vizuri, lakini anayesikiliza upande wa pili hasikii kitu. Sababu ni maikrofoni: ya H-33 ni ya kaboni na inahitaji umeme upite ndani yake, ya H-189 ni ya koili na haihitaji. Kubadilisha plagi hakubadilishi maikrofoni. Rudisha H-33 kwa mwenye PRC-10, atakushukuru.

Kama una U-229 na huna uhakika na waya zake, shika mita. Pini A ni ardhi, B ni sauti inayotoka kwenda sikioni, C ni kitufe cha kuongea, D ni maikrofoni. Bonyeza kitufe: A na C ziungane. Achia: zitengane. Zikibaki zimeungana, redio itakuwa inarusha muda wote, na utalaumu moduli, yaani kipande cha sakiti cha ndani, isiyo na hatia.

Herufi ya mwisho pia ina uzito. A, B au C baada ya namba ya jina maana yake kifaa kilirekebishwa. Kwa kawaida toleo jipya linakaa mahali pa zamani, lakini moduli za ndani zinaweza kuwa tofauti. Ukiagiza moduli, toa herufi hiyo na namba ya mchoro ya moduli iliyoharibika. Jina la redio peke yake halitoshi.

Dalili: inapokea vizuri, hairushi

Kabla hujaagiza transista ya nguvu, hebu soma kibati tena. Je, ni RT-841 au RT-505?

RT-505 ni ya PRC-25, dada mkubwa wa PRC-77. Kwa nje ni pacha: kasha lilelile la betri, CY-2562, antena zilezile, vifundo vilevile vya kuchagulia masafa. Ndani kuna tofauti moja kubwa. PRC-25 ina valvu moja, 2DF4, kwenye hatua ya mwisho ya kurusha. PRC-77 ni transista tupu.

Valvu hiyo inahitaji volti 3 kwa ajili ya waya wake wa joto, mbali na volti 15 za redio yote. Betri ya asili, BA-386, ilitoa zote mbili, na BA-4386 iliyofuata ilitengenezwa kutumika kwa redio zote mbili. Leo betri hizo ni adimu, na watu hutengeneza zao: seli 12 za kuchaji za volti 1.2 zinatoa 14.4, PRC-77 inafurahi. Ukiichukua pakiti hiyohiyo ukaiweka kwenye PRC-25, itapokea vizuri kabisa, maana upande wa kupokea ni transista. Ukibonyeza kitufe, kimya. Hakuna kilichoharibika. Valvu ina baridi.

Pima kwenye soketi ya betri: kama ile volti 3 haipo, tatizo ni betri yako. Ongeza seli mbili za kawaida za volti 1.5 kwenye mstari huo peke yao, na utasikia tofauti. Nilimkuta mtu mmoja ameshanunua 2DF4 tatu kutoka ng'ambo, zote nzima, na kila moja akiilaumu kwa zamu yake.

Kwa upande wa orodha, somo lake ni la safu moja ya ziada. Mimi huandika "betri: 15 tu" au "betri: 15 na 3" kwenye kila mstari wa redio, kwa herufi kubwa.

Dalili: rafiki anakuita, redio yako imenyamaza

Mara nyingi mtu hukimbilia kuagiza moduli ya skwelchi, ile sakiti inayozima mvumo wakati hakuna anayeongea. Usiagize. Skwelchi ya redio hii haifunguliwi na nguvu ya mawimbi pekee. Inasubiri toni ya hezi 150 inayorushwa pamoja na sauti. Redio ya kisasa ya mwanaridhaa haitoi toni hiyo isipoambiwa. Mwambie rafiki yako aweke toni ya 151.4 kwenye redio yake, ndiyo ya karibu zaidi katika orodha ya toni za kawaida, au wewe toa skwelchi kabisa. Ikifunguka, umeokoa pesa ya moduli na ya kuisafirisha.

Dalili: umenunua "redio kamili", kimekuja kisanduku

Hapa hakuna aliyedanganya. Muuzaji aliita RT-841 kwa jina la seti yake, na wewe ulisoma jina la seti ukategemea vyote. Kabla ya kulipa, mtumie orodha hii na umuombe aandike kilichopo na kisichopo: RT-841 yenyewe, kasha la betri CY-2562, antena fupi ya utepe AT-892, karibu mita moja, antena ndefu ya vipande AT-271A, takriban mita tatu, kitako chake AB-591, hendiseti H-138 au H-189, mkanda wa kubebea ST-138, na mfuko wa vifaa CW-503.

Vinavyokosekana zaidi ni CY-2562 na AB-591. Kasha la betri huliwa na kutu ya betri zilizovuja, na kitako hupotea kwa sababu ni kidogo na kila mtu anadhani ni sehemu ya antena. Bila kitako hicho AT-271A ni fimbo tu. Ukikuta AB-591 peke yake kwa bei nzuri, nunua hata kama hujaihitaji.

Dalili: kitabu kinaionyesha sehemu, lakini haiuzwi popote

Kwanza hakikisha unasoma kitabu sahihi. Mwongozo wa PRC-77 ni TM 11-5820-667. Tarakimu hizo tayari unazielewa: 11 ni vifaa vya mawasiliano, 5820 ni lile kundi letu. Mkia unaeleza kitabu ni cha nani: 10 ni mtumiaji, 20 ni kikosi chenyewe, 30 na 40 ni karakana za juu, 50 ni karakana kuu. 12 maana yake 10 na 20 kwa pamoja. Kukiwa na P mwishoni, ni orodha ya vipuri. Wengi hupakua kitabu cha 12, hawaoni vipuri vya ndani, wakahitimisha kwamba havikuorodheshwa.

Kwenye kitabu cha P, tazama safu ya msimbo wa herufi tano. Herufi mbili za mwanzo zinakueleza kipuri kilipatikanaje, na watu wachache sana huzisoma. PA ni kipuri kilichonunuliwa na kuwekwa ghalani. Hicho kinaweza kuonekana sokoni hata leo. Kinachoanza na M kilitengenezwa karakanani, kwa vipimo vilivyomo kitabuni, kwa hiyo nawe kitengeneze. Kinachoanza na K kiliuzwa ndani ya seti pamoja na vingine, tafuta seti. XB, kitafute kwanza kwenye mabaki ya redio zilizokufa. XA ndiyo inayoumiza: hakikuwahi kuuzwa peke yake, jeshi liliagiza kifaa kizima kinachokibeba.

Ukiona XA, acha kutafuta kipuri. Tafuta maiti ya redio. Kwa maoni yangu, mtu anayetunza PRC-77 moja anapaswa kuwa na mbili zilizokufa chini ya meza, na anunue maiti mapema wakati bado zinauzwa kwa bei ya chuma chakavu. Kila maiti iingie kwenye daftari kama ghala dogo: moduli ipi imetolewa, lini, imekwenda kwenye redio gani. Maiti isiyoandikwa hufunguliwa mara kumi kutafuta kitu ambacho kilishatolewa mara ya pili.

Herufi za sehemu kwenye michoro nazo ziandike kama zilivyo: R rezista, C kapasita, Q transista, CR daiodi, K relei, S swichi, J soketi, P plagi, W waya, Y kristali, FL kichujio, V valvu. A mbele yake ni moduli. Hivyo A5R3 ni rezista ya tatu ndani ya moduli ya tano, na ni tofauti kabisa na R3 iliyoko kwenye fremu.

Dalili: kipuri kipya, pakiti haijafunguliwa, hakifanyi kazi

Kukaa ghalani miaka 50 si jambo dogo. Kapasita za elektroliti hukauka ndani ya pakiti ileile iliyozibwa. Tazama msimbo wa tarehe: 7214 ni wiki ya 14 ya mwaka 1972. Kapasita ya elektroliti ya tarehe hiyo naichukulia kuwa mbovu hadi ipimwe, na hata ikipima vizuri naipandisha volti polepole. Rezista na transista za metali huvumilia zaidi. Mipira ya kuzibia huwa na tarehe yake ya kupikwa kwa robo mwaka: 2Q72 ni robo ya pili ya 1972. Mpira huo utavunjika ukiuvuta. Pima kipenyo na unene wake, ukanunue mpya wa viwandani kwa fundi wa pampu mtaani. Hapo utafika mbali kuliko kusubiri wa jeshi.

Angalia pia rangi ya lebo iliyofungwa kwenye kifaa, maana hapa rangi zinadanganya macho yetu. Lebo ya njano ndiyo ya kifaa kizima, tayari kwa kazi. Ya kijani ni ya kifaa kibovu kinachoweza kutengenezwa. Nyekundu ni cha kutupwa. Mtu anaona kijani, anasema kimepita ukaguzi, analipa bei ya kizima. Nami niliwahi kulipa hivyo.

Valvu zina mtego wake. Waingereza waliziandika kwa CV: CV4003 ni aina imara ya 12AU7, CV4014 ni ya EF91. Wamarekani wa vita ya pili waliziandika VT: VT-231 ni 6SN7. JAN mbele ya namba ni alama ya ukaguzi wa kijeshi. Kwa kuwa wapenzi wa muziki huzigombania, namba hizi hughushiwa kwa kufutwa na kuchapwa upya. Wino unaong'oka kwa kidole chenye mate si lazima uwe wa bandia, wino wa zamani ulikuwa dhaifu. Lakini wino mweupe mpya kabisa juu ya kioo kilichochafuka ni wa kuutilia shaka. Linganisha umbo la ndani, na la valvu unayoijua. Chapa haitoshi.

Vingine havifai kununuliwa hata vikiwa vizima. Betri za lithiamu za BA-5598 zina gesi ya salfa dioksidi kwa shinikizo. Za zamani usizifungue wala usizitume kwa ndege. Vibao vya mita na vifundo vya redio za ndege za vita ya pili vilivyopakwa rangi ya kung'aa gizani vina radiamu. Visikwanguliwe, na kwenye daftari viwekwe alama. Transista za nguvu za VHF zenye kauri nyeupe au ya waridi chini zinaweza kuwa na oksidi ya beriliamu. Usizipasue kutazama ndani. Vumbi lake ni sumu ya mapafu.

Dalili: muuzaji hataki kutuma, au mzigo umezuiwa

Kwenye hifadhidata ile ile ya PUB LOG kuna msimbo wa udhibiti wa herufi moja. A maana yake bidhaa haina masharti ya kuharibiwa kabla ya kuuzwa. D maana yake ilipaswa kuharibiwa kabisa. Ukiuona D, Q au F, usijadiliane na muuzaji, achana nacho. Sheria za Marekani za kudhibiti zana za kijeshi zinamfunga yeye, na mzigo unaweza kukamatwa njiani. Hasa vifaa vya usimbaji vilivyochomekwa kwenye PRC-77, kama KY-38 na KY-57: hivyo si vipuri vya redio yako. Usivitafute.

Upande wetu, kifaa kizima kinachorusha mawimbi kinahitaji kibali cha mamlaka ya mawasiliano kabla hakijafika bandarini: TCRA kwa Tanzania, CA kwa Kenya, UCC kwa Uganda. Vibonye, mipira, kapasita na plagi havirushi mawimbi, lakini vinaweza kukwama kwa sababu ya maneno. Mzigo wangu mmoja wa vibonye na mipira ulikaa wiki tatu kwa sababu muuzaji aliandika "redio ya jeshi" kwenye ankara. Tangu hapo natuma mimi mwenyewe maneno ya ankara: jina la sehemu, kundi lake la tarakimu nne, idadi, bei ya kweli, na kwamba ni kipuri cha kukarabatia. Kila neno liwe la kweli. Ukiandika "mwanasesere" ili kukwepa ushuru, umejiharibia mizigo yote inayokuja.

Dalili: kipuri hakina namba yoyote

Hiki ndicho kinachotupwa, na mara nyingi ndicho adimu. Kiweke kwenye mfuko wake. Pima urefu, kipenyo, idadi ya nyuzi za skrubu kwa inchi, idadi ya pini na mpangilio wake. Piga picha tatu pamoja na rula ndani ya picha. Andika kilitolewa wapi, hata kama ni "kasha la pili, chini ya betri". Kisha kipe namba yako mwenyewe, yenye herufi mwanzoni isichanganyike na za jeshi. Zangu zinaanza na X. X-0117 ilikaa miaka minne ikiitwa "kitasa cha shaba, kusudi halijulikani", hadi siku nilipofungua maiti nyingine ya RT-505 nikakiona mahali pake, kimeshika kifuniko cha valvu. Niliifuta X, nikaandika namba ya mchoro kutoka kitabuni, na nikaiacha ile ya zamani pembeni kwenye mabano, kwa sababu bado imeandikwa kwenye mfuko.